Fimbo Yetu Juu ya Paa Lake

Kilichonisumbua kwanza ni njia. Ilikuwa mstari mweupe, mwembamba kama uzi, kwenye picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege, picha ya mbuga na mashamba kati ya Ndhiwa na Macalder. Mstari ulianzia barabarani ukaingia moja kwa moja kwenye duara la miti, na ndani ya duara hamkuwa na kitu. Sikuona nyumba, wala zizi, wala shamba. Niliisogeza picha dirishani, nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia, nikaigeuza juu chini. Njia haikai wazi yenyewe. Watu wakiacha kupita, nyasi huifunga kabla hata msimu wa pili wa mvua haujafika. Sasa ni nani aliyekuwa akipita kila siku kwenda mahali pasipo na mtu?

"Mbuzi," akasema mkubwa wangu bila kuinua macho. Kila asichokijua yeye kilikuwa mbuzi.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Migori ikiwa bado wilaya changa, na mimi mwalimu wa jiografia niliyechukuliwa wakati wa likizo kuchora ramani. Haikuwa ramani ya barabara na shule. Mradi ulitaka kuonyesha jinsi nchi ile ilivyopata sura iliyo nayo: nyua za mawe za watu wa kale, mitaro ya wachimba dhahabu kule Macalder, mistari ya katani iliyopandwa mashamba yalipogawanywa, barabara zilizoachwa zikaota miiba, na miji ya watu waliohama. Tulitakiwa kusema kipi ni cha zamani sana, kipi ni cha juzi, na kipi bado kinaishi. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyopenda kufundisha, na sioni haya kusema hivyo. Darasani ni mimi niliyekuwa naulizwa. Huku nje nilikuwa nauliza mimi, na mimi nikianza kuuliza sina breki.

Mkubwa wangu alikuwa mpima ardhi mstaafu, Mtaita, Mkatoliki wa kufa na kupona, mtu mpole mwenye tumbo na subira. Mimi nilikuwa Msabato, binti wa wauza nguo waliohamia Migori mjini kabla sijazaliwa. Nyumbani tulisema Kiswahili. Kijaluo nilijifunza sokoni, chini ya meza ya mama. Kwa hiyo mila za pale nilizijua nusunusu, vile mtoto wa jirani anavyojua mambo ya nyumba ya pili. Anasikia kila kitu na haelezwi chochote.

Lazima nieleze jambo moja hapa, la sivyo yatakayofuata hayataeleweka. Mji wa familia ya Kijaluo huitwa dala. Ni duara la ua lenye lango, na nyumba ya mke wa kwanza inaangalia lango hilo. Wavulana wakishaoa hutoka mmoja mmoja, wa kwanza akitangulia, kila mtu akaanzishe dala yake. Kitindamimba hatoki. Huyo ndiye anayebaki na mji wa baba. Wazee wakifa na watoto wakitawanyika, dala inageuka gunda. Nyumba zinaachwa zianguke zenyewe, na baada ya muda unaona ua tu, na udongo mweusi palipokuwa na zizi. Udongo ule una rutuba ya kutisha. Mahindi yake yanayapita ya jirani kwa kichwa kizima, ndiyo maana gunda hutamaniwa. Na likishaitwa gunda likalimwa, hakuna mtu wa ukoo anayerudi kujenga hapo.

Kwenye ramani yetu dala ilikuwa duara lenye nukta katikati. Gunda lilikuwa duara tupu. Mkubwa wangu alikuwa na kanuni yake: paa likionekana kwenye picha, weka nukta, lisipoonekana, usiweke. Nilikuwa nimeshachora maduara mengi matupu bila kukosa usingizi hata kidogo. Lakini hili lenye njia lilinikaa kooni. Nikamsumbua yule mzee wa watu siku nzima mpaka akasema haya, twende tukawaone hao mbuzi wako.

Tuliacha pikapu barabarani tukaifuata njia kwa miguu. Ilikuwa nyeupe kweli, imefagiliwa. Duara lilikuwa la mitupa, ile miti ya utomvu unaochoma macho, mikubwa ya miaka mingi, na chini yake kulikuwa na tuta la udongo lililozunguka mji mzima. Nje ya tuta kulikuwa na mtaro uliokaribia kujaa. Mkubwa wangu aliuingia mtaro akasimama humo kama mtu aliyepewa zawadi. Akaniambia tuta lile ni la watu wa zamani sana, waliochimba kujikinga. Wengine walikuja baadaye wakapanda mitupa juu yake, na wengine baada yao wakaikuta mitupa wakakaa. Nilimwuliza yeye anajuaje nani alitangulia. Akanionyesha mizizi ilivyopasua tuta. Tungebaki pale tukibishana kuhusu mizizi hadi jioni, ila tulisikia ufagio.

Alikuwa mama mzee, mrefu, mwembamba, kitambaa cha bluu kichwani. Alikuwa anafagia njia. Si uwanja, njia. Nilimwamkia nikamwita Dani, yaani bibi, na kwa vile sijui kungoja nikamwuliza palepale kwa nini anafagia njia yote hadi barabarani.

"Nyasi zikiifunga, watu watasema hapa hakuna mtu," akanijibu. Alisema kwa Kijaluo, na maneno yake yote hapa nayaleta kwa Kiswahili.

Nyumba yake ilikuwapo, juu kabisa, ikiangalia lango. Ilikuwa nyumba ya mviringo ya udongo, na paa lake lilikuwa limeota nyasi mbichi. Nikaelewa kwa nini ndege haikuiona: ukilitazama kutoka juu, paa lilikuwa sehemu ya mbuga. Zile nyumba nyingine za mji zilikuwa zimebaki vichuguu tu. Mume alikuwa amefariki zamani na mambo yake yote ya mila yalikwisha fanywa. Alikuwa akiishi pale peke yake na kuku.

Hatujamaliza hata kutoa vifaa, mwanawe mkubwa akafika. Dala yake ilikuwa ng'ambo ya kijito, mabati yakimetameta, mabanda ya kukaushia tumbaku yamejipanga. Alitusalimia kwa heshima, akatuletea viti kutoka kwake, kisha akasema lililomleta, kwa Kiswahili, maana tulikuwa watu wa ofisi.

"Nyinyi watu wa ramani, mimi nawaambia ukweli. Hii mahali ni gunda. Chifu amesema nisilime mpaka ramani yenu itoke. Mkiandika gunda, nalima msimu huu. Mkiandika dala, nangoja."

"Lakini mama si anaishi hapa?" nikasema.

"Hiyo ndiyo shida yenyewe." Akaketi, akafuta uso. "Nimemjengea nyumba pale kwangu. Ya mabati, sakafu ya saruji, iko tayari. Amekataa. Mvua ikinyesha huyu analala kwa maji, mwalimu. Siku moja nitamkuta amekufa na baridi, na watu watasema nilimtupa."

Nikamwuliza mbona asimwezekee paa kwa sasa. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa hilo swali mara nyingi na hajapenda jibu lake bado. "Nikiweka nyasi mpya, si ni kumwambia abaki? Halafu hii nyumba si kazi yangu. Mimi nilishatoka. Ni kazi ya mdogo wangu."

Mama yake alikuwa anasikia yote. "Na hapa si pako," akamwambia, bila ukali. "Hapa ni pa mdogo wako. Ukilima, akirudi ataingia wapi?"

Huyo mdogo, kitindamimba, alikuwa amekwenda Sori, kule ziwani, kuvua samaki. Mwanzoni alikuwa akija Krismasi. Baadaye akawa anatuma salamu, baadaye hata salamu zikakatika, ingawa watu walimwona ufuoni mzima wa afya. Mimi nilikasirika kwa niaba ya yule mama, nikataka kuweka nukta hapohapo, kwa kalamu ya wino. Mkubwa wangu akanizuia. Jioni tukiwa njiani alinieleza, akiendesha polepole kwa sababu ya mashimo.

"Mama mmoja na paa lililooza, hiyo ni dala au gunda? Akiondoka mwezi ujao, ramani yetu imesema uongo."

"Na akiishi miaka kumi?"

"Basi huyo kijana aonekane. Mji una mrithi au hauna. Tumalize kupima, akiwa hajaonekana, duara linabaki tupu."

Nilinuna. Nilinuna hadi Migori mjini. Lakini hata ndani ya kununa nilikuwa najiuliza: kwani mji hufa lini? Nilimwuliza kila niliyekutana naye wiki ile, na kila mmoja alinipa sheria yake. Mmoja alisema mji hufa moto ukizimika. Mwingine akasema ng'ombe wakiondoka. Mzee mmoja wa kanisa alisema mji haufi mradi kuna makaburi. Mama muuza mandazi wa njia panda aliniambia niache kuchokoza mambo ya watu.

Tukarudi kupima. Duara lilikuwa gumu, mitupa imefunga kila upande, ukisimama mtaroni huoni katikati. Tulihitaji alama moja ndefu inayoonekana kutoka kila pembe ya nje. Mkubwa wangu akaangalia huku na huku, akaona mahali pa juu kuliko pote ni ncha ya paa la yule mama. Tulikuwa na fimbo ya kupimia, ndefu, iliyopakwa nyekundu na nyeupe kwa zamu. Akaenda kuomba ruhusa, nami nikitafsiri.

Dani aliitazama ile fimbo. Akauliza, "Inasimama wapi? Katikati? Kwenye ncha?"

"Ndiyo, Dani. Kwenye ncha kabisa."

Akafunika mdomo kwa kiganja na mabega yakamtikisika. Nilidhani anakohoa. "Wekeni," akasema. "Na muifunge vizuri, isianguke na upepo."

Ngazi tuliazima kwenye mabanda ya tumbaku. Mimi nilikuwa na sketi, na mwalimu wa Kisabato hapandi mapaa ya watu, kwa hiyo alipanda mkubwa wangu na tumbo lake, mimi nikishika ngazi na kumpa maelekezo asiyoyahitaji. Nyasi zilizooza zilimwagika mabegani mwangu. Alishuka amejaa masizi, akasema paa lile limebaki jina tu. Lakini fimbo ilisimama wima, na kitambaa chekundu tulichoifungia kilionekana hadi barabarani.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Tulipima upande wa kaskazini na wa magharibi, jua likaanza kushuka, nami nikaanza kuangalia saa, maana Sabato inaingia na jua. Mkubwa wangu akataka kuitoa fimbo twende nayo. Dani akasema ya nini kupanda tena, si mnarudi? Nani ataiba fimbo juu ya nyumba? Lilikuwa jambo la maana. Tukaiacha. Jumamosi nilikuwa kanisani mchana kutwa. Jumapili mkubwa wangu alikuwa kwenye misa, na baada ya misa kulikuwa na mkutano wa kwaya. Jumatatu pikapu ilikataa kuwaka, na fundi akasema ni betri, kisha akasema si betri. Siku zote hizo fimbo yetu ilikuwa juu ya paa lile, ikitangaza tusichokijua.

Jumanne tulisimama njia panda kununua mandazi. Yule mama muuzaji alinivuta kando ya beseni lake.

"Mwalimu, wewe unaingia kule. Ati ni kweli yule mama wa kwa mitupa ameolewa?"

"Ameolewa na nani?"

"Si ndiyo tunauliza. Kuna mwanamume mle. Mti uko juu ya nyumba, mimi nimeuona na macho yangu. Soko lote linaongea."

Damu ilinipanda usoni. Maisha yangu yote nimeyaona yale mapaa ya mviringo, na kwenye ncha ya nyumba ya mwenye mji kuna mti mmoja umechomoza, huitwa osuri. Unasema mwenye nyumba yuko hai. Akifa, unaondolewa, na nyumba ya mjane inabaki na ncha butu. Nimeyaona hayo tangu nikiwa mdogo, nikayazoea, na nikawa sijauliza hata siku moja, mimi niliyeuliza kila kitu kingine. Nikamweleza mkubwa wangu. Alikaa na andazi mkononi akatazama mbele. "Tumemwoza bibi wa watu," akasema.

Tulimkuta mwana mkubwa langoni. Hakutuletea viti. "Mmeweka mwanamume juu ya nyumba ya baba yangu," alisema, na sauti yake ilikuwa chini sana, na hiyo ilinitisha kuliko kelele. Alikuwa na fedheha, na alikuwa na hofu vilevile, kwani mambo kama hayo yakikosewa huleta laana nyumbani. Nikamwuliza kwa nini hakuitoa mwenyewe. Akasema hawezi kuigusa. Kuondoa mti ule juu ya nyumba ni kusema mtu amekufa, na yeye hana mtu aliyekufa wa kumtaja.

Mkubwa wangu alikuwa keshaifuata ngazi, akiomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa mikono. Dani alikuwa ameketi kizingitini, ungo wa maharagwe mapajani.

"Iacheni," akasema. "Hiyo ni mali ya serikali. Mtu akigusa mali ya serikali anafungwa."

"Mama, ni yetu sisi," akasema mkubwa wangu kupitia kwangu. "Tunaweza kuitoa."

"Mmemaliza kupima?"

Mkubwa wangu hakujua kusema uongo. Upande wa kusini na wa mashariki ulikuwa bado.

"Basi pimeni," akasema Dani, akarudi kwenye maharagwe. Mwanawe mkubwa akaenda zake kuvuka kijito.

Niliketi karibu naye nikaanza kuchagua maharagwe mimi pia. Nilijaribu kunyamaza. Nilishindwa. "Dani, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Ile fimbo. Kwamba watu watasema."

Alitupa jiwe dogo kwa kuku, ambao walilikimbilia bure. "Mwanangu, omena, wale dagaa wa Sori, inaletwa soko letu kila wiki. Wanawake wanaoileta wana masikio, na wakirudi hawayaachi hapa. Nimetuma salamu kwa hao wanawake miaka yote hii. Mwambieni naumwa. Mwambieni nyumba inavuja. Kijana akisikia mama yake anaumwa, anasema atakuja mwezi ujao." Akapepeta ungo. "Hebu asikie mama yake ana mwanamume."

Nilicheka hadi nikamwaga maharagwe. Yeye hakucheka. Nikamtazama vizuri, nikaona macho yake yako kwenye ile njia aliyoifagia. Alikuwa ameitia heshima yake yote kwenye ile fimbo, heshima ya mjane aliyekaa peke yake miaka yote bila mtu kumsema, na kama kijana asingekuja hata kwa hilo, angebaki na aibu tupu na paa linalovuja. Nikaona haya kwa kicheko changu. Tukayaokota maharagwe pamoja.

Nilimweleza mkubwa wangu tukiwa mtaroni. Na kuanzia siku ile, mtu yule aliyependa kumaliza kazi kabla ya wakati alianza kuona makosa kila mahali. Ule mtaro haukupimwa sawasawa. Zile pembe za kaskazini anazitilia shaka. Akanituma nihesabu mitupa, na nilipomaliza akaniuliza kama nilihesabu na ile michanga. Nikamwambia mzee, umeanza kupima mbuzi sasa. Akaniambia nichore, niache domo. Wapita njia walisimama barabarani, wakatazama paa, wakatazama lango, wakaenda zao wakinong'ona. Dani aliendelea kufagia njia, kichwa juu, akimwamkia kila mmoja wao.

Mwana mkubwa alikuja kila asubuhi, akasimama langoni, akauliza tumebakiza wapi. Siku moja akasema wazi kwamba anajua tunachokifanya. "Hatakuja," alisema. "Mimi namjua mdogo wangu. Mnamwongezea mama yangu machungu tu." Siku ya pili yake mkubwa wangu mwenyewe alikunja kamba zake, akaniambia pole, hatuwezi kuupima mtaro mmoja mwaka mzima. Kesho tungetoa fimbo na kufunga kazi. Sikubishana naye, na mnaonijua mtajua nilivyokuwa nimevunjika.

Kijana alikuja kesho yake, mchana, sisi tukiwa tumeshaegemeza ngazi ukutani. Nilimwona akiwa bado mbali, mtu mwembamba mwenye viatu vya tairi na mfuko wa plastiki mkononi, anakuja kwa hatua za mtu anayekwenda kupigana. Kaka yake alikuwa langoni. Alimpita bila salamu. Uso wake ulikuwa wa Dani mtupu.

Akasimama mbele ya nyumba. Mlango ulikuwa wazi na ndani kulikuwa giza.

"Mama."

"Nani?" Sauti ilitoka ndani, tulivu. Mama hakutoka.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Nadhani hakuwa ameulizwa hivyo kabla. Akalitaja jina lake kwa sauti ndogo, kisha hasira ikamrudia. "Huyo mwanamume yuko wapi?"

"Yuko juu. Panda umtoe."

Akatazama paa. Akaiona fimbo, nyekundu na nyeupe, akatuona na sisi, meza yetu ya kuchorea, kamba zetu, mkubwa wangu akijikuna shingo. Nilimwona akianza kuelewa, na nilimwona akikataa kuelewa, kwa sababu alikuwa ametembea safari ndefu na hasira yake na hakutaka kuibwaga hivihivi. Akaweka mfuko chini. Akapanda ngazi haraka, kama watu wa mitumbwi wanavyopanda, akatambaa juu ya paa, nyasi zikimvunjikia chini ya magoti na kuporomoka kwa mafungu. Alifika kwenye ncha akaikamata fimbo kwa mikono miwili.

Hakuivuta. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama chini ya magoti yake. Alikaa hivyo muda mrefu hadi mkubwa wangu akashika ngazi, akidhani amepata kizunguzungu.

"Mama," akasema kutoka juu, na sauti haikuwa ile aliyokuja nayo. "Ninaona kitanda chako kutoka hapa."

"Na mimi ninakuona wewe," mama akajibu kutoka ndani.

Nililia mbele ya watu, na sijutii. Yule kijana alibaki juu ya paa ameishika fimbo, mgongo wake ukipanda na kushuka. Kaka yake alikuja kutoka langoni polepole akasimama kando yangu. Alitazama juu, akatazama mlango, akakohoa. Akaniuliza kama ile ramani imeshachorwa.

Nikamwambia bado.

"Basi mngoje kidogo," akasema. "Nyasi nzuri ziko mbali siku hizi, kule mtoni. Kuzikata itatuchukua siku kadhaa."